Simu Kumi na Moja

Umeme ulikatika jana saa kumi.
Leo wote wamekumbuka kwamba nina sola.
Simu kumi na moja zimelala mezani pangu,
kila moja na waya wake, kama mbuzi kwenye kamba,
na wenyewe wako nje, kwenye benchi,
mikono haijui iende wapi.

Ndipo wanapoanza kuongea.

Hezroni anasema simu yake ni msomi wa uongo.
Ukiandika Ng'hong'honha inakuletea ngoma,
ukifuta, ukirudia, inakuletea ngono,
juzi nusura amwalike mchungaji
kwenye jambo jingine kabisa.
Sechelela, ungo wa mlenda mkavu mapajani,
anacheka hadi majani yanapeperuka.
"Kijiji chenu chenyewe
kinaandikwa kama mtu anayekohoa."
"Chetu? Wewe umeolewa wapi?"

Yaredi, aliyefunga chuo wiki iliyopita,
anasema siku hizi kuna akili mnemba:
unaiambia shida yako, maji hayatoki tangu Jumapili,
inakuandikia barua kwa mkurugenzi,
Kiswahili safi, hata salamu inaweka.
Hezroni anafikiri.
"Na mkurugenzi naye anayo ya kumjibia?"
"Anayo."
"Basi ziandikiane. Sisi twende shamba."

Lameki Chidawali hapendi maneno ya kukata tamaa.
Anasimama. Huyu huwezi kumsikiliza akiwa amekaa.
Makao makuu yamekuja, anasema, na ninyi bado mnalia vumbi!
Lami mmeiona. Treni mmeiona,
unapanda umeshiba mlenda wa Dodoma,
unashuka Dar bado unaucheua.
Waziri mwenyewe amepishana naye Mtumba,
vioo vyeusi, lakini alimjua.
"Ulimjuaje?"
"Vumbi lake lilikuwa refu kuliko la wengine."

Benchi zima linalia kwa kicheko,
na mimi humu ndani nacheka peke yangu,
ndipo simu ya saba inapotetemeka.

Sisomi ujumbe wa watu. Naapa.
Ila kioo huwaka chenyewe,
na hiki kimepasuka, kimefungwa mpira wa madaftari,
kinang'aa kama kitu kisicho na aibu:
NDUGU LAMEKI M CHIDAWALI UNAKUMBUSHWA
kulipia kiwanja, kitalu fulani, namba ya malipo
ndefu kuliko jina lake,
milioni mbili na laki nne, kabla ya tarehe thelathini.

Shamba la karanga la mama yake.
Walilipima mwaka juzi, likazaa viwanja vinne,
akaachiwa kimoja,
na hicho kimoja anauziwa.

Nje amefika mbali.
"Ngojeni miaka mitano tu,
hapa petu patakuwa..."
anatafuta neno, mikono ameitandaza
kana kwamba anapima kitambaa,
"patakuwa... mtaona wenyewe!"

Naigeuza simu kifudifudi.

"Dada, yangu imejaa?"
"Bado."
Ilijaa zamani.
"Hizi betri za siku hizi," anasema, anarudi kwenye treni,
na sasa treni ina viti vinavyolala,
na mtoto wake wa tatu ndiye dereva.

Saa kumi na moja na robo, kelele mtaa mzima:
Huyoooo!
Umeme.
Wote wanainuka, hakuna anayemalizia sentensi,
hata Hezroni anaacha mkurugenzi njiani.
Mia tatu, mia tatu, hii yako, hapana, hiyo ya Yaredi.
Wanaondoka shingo zimeinama,
vidole vimepata kazi.

Lameki ananilipa sarafu tatu. Anaivuta simu,
anaufungua mpira, anaufunga.
Anasoma midomo ikicheza, polepole,
namba ile yote, tarakimu kwa tarakimu.
Kisha anatoka nje,
anakaa kwenye benchi tupu.

Nawasha taa ya nje,
ingawa jua bado lipo.